Karamu Lodwar, na mtama unaochacha nyuma ya ua

KAMA hujawahi kufika Lodwar, msomaji, jitayarishe kwanza kwa jua. Sisemi jua la Nairobi la kuanikia nguo. Hili hukungoja mlangoni mwa basi kama mtu unayedaiwa naye. Nilishuka mwendo wa saa nne asubuhi baada ya usiku mzima wa kutikiswa kutoka Kitale, kupitia Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar, na pancha mbili njiani. Kabla sijavuka barabara shati lilikuwa limegandamana na mgongo.

"Mkubwa, umekuja tamasha?" aliniuliza kijana wa bodaboda.

"Nimekuja tamasha, na nimekuja kuonja pombe."

"Baa ziko tele. Zina friji."

"Si ya friji. Ile wanayopika akina mama."

Kicheko kilimkatika. Alinitazama kutoka viatu hadi kofia, yamkini akitafuta mahali nilipoficha pingu. Ilinibidi nitoe kitambulisho cha gazeti, na hata hicho alikigeuzageuza kwanza. "Panda," alisema mwishowe, "lakini tukifika wewe usiongee. Nitaongea mimi."

Tamasha lenyewe huitwa Tobong'u Lore, maneno ya Kiturkana yenye maana ya rudi nyumbani. Jina hilo limechaguliwa kwa makusudi. Ni katika nchi hii, huko Nariokotome upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, yalikochimbuliwa mwaka 1984 mabaki ya kijana aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita, yule anayejulikana duniani kama Mvulana wa Turkana. Kwa hiyo wenyeji wanapokuambia karibu nyumbani, wanamaanisha nyumbani kwako pia, hata kama umetoka Umoja au Kisauni. Tamasha lilianzishwa baada ya serikali za kaunti kuzaliwa mwaka 2013, na huwaleta pamoja jamaa wa ukoo mkubwa wa Ateker: Waturkana wenyewe, Wakaramojong na Wateso, Watoposa wa Sudan Kusini, na Wanyangatom wa Ethiopia. Miaka mingine watu hawa hupokonyana ng'ombe. Siku za tamasha hurukaruka pamoja katika ngoma ya edonga hadi vumbi likafunika jukwaa la wageni waheshimiwa.

Mimi nilikuwa na langu. Nairobi siku hizi kuna vijana na wazee vijana wanaofuata bia za viwanda vidogo kama watu wanavyofuata timu za mpira. Viwanda kama 254 Brewing Company na Bateleur hupika bia kwa pipa dogo dogo, na pipa jipya likifunguliwa watu huitana, hunusa bilauri, husema hii ina ladha ya chungwa, hii ina ukali wa kahawa. Bilauri moja ni mamia ya shilingi. Sina neno nao, nami nimewahi kunusa. Huko Munich, Ujerumani, wamekuwa na sherehe yao ya Oktoba tangu mwaka 1810, na mwaka 2016 utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Basi nilijiuliza: kama fahari ya bia ni kupikwa kwa mkono, kwa nafaka ya mahali pale, na mtu anayekujua kwa jina, mbona ya kwetu tunaitafuta kwa kunong'ona?

Bodaboda ilikata kona tatu za mchanga, ikapita mbuzi waliolala kwenye kivuli cha ukuta, ikasimama penye ua wa miti ya miiba. Kijana aliingia peke yake. Nilisikia maneno ya Kiturkana, kisha kimya, kisha sauti ya mwanamke: "Mlete."

"Ejoka," nilisalimu kwa Kiturkana changu cha jana.

"Ejok noi," alijibu, na nyuma yake watu wakacheka. "Keti, mwanangu. Kama ni askari, leo umekuja na viatu vibaya vya kukimbiza watu."

Jina lake sitalitaja, wala mtaa. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye shanga nzito shingoni na simu iliyofungwa kwa mpira. Chini ya paa la makuti ya mkoma kulikuwa na mapipa mawili ya plastiki ya rangi ya buluu, yamefunikwa kwa gunia. Ukikaribia unasikia sauti, kama mvua nyepesi inayonyesha mbali. Hiyo ilikuwa pombe ikichacha. Waturkana huiita ng'agwe.

Watu wengi wa mjini humdhania Mturkana kuwa mtu wa maziwa, damu na nyama tu. Kweli mifugo ndiyo mali. Lakini kando ya mito ya Turkwel na Kerio wanawake wamelima mtama tangu zamani, katika vishamba vidogo ambavyo mafuriko huvilowesha na kuvipa rutuba, na shamba lilihesabiwa kuwa la mwanamke. Mfugaji alikuwa na ng'ombe wake, mkewe alikuwa na mtama wake, na mtama ukizidi ulikuwa pombe. Siku hizi mwingi huja kwa lori kutoka Kitale.

Mama alinieleza kazi yenyewe bila haraka, huku mikono yake ikipepeta. Mtama hulowekwa siku moja, ukachujwa na kutandazwa juu ya gunia lililolowa, ukafunikwa. Siku ya tatu unachipua, vijimkia vyeupe. Hapo unauanika. "Jua letu halina mchezo," alisema. "Asubuhi unatandaza, jioni unasaga." Hicho ndicho kimea. Unga mwingine hukorogwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati hadi uwe wa rangi ya udongo na harufu yake ifike kwa jirani. Makombo hayo makavu yakitiwa majini pamoja na kimea, huko sehemu za baridi mtu angengoja siku tatu au nne. Lodwar ni siku mbili, kwa vile joto lenyewe linapika.

"Na ikipita siku mbili?"

"Inakuwa siki. Hapo unamnywesha nani? Punda?"

Hili la siku mbili tulitafakari kidogo, kwani ndilo linalotenga pombe hii na ile ya chupa. Bia ya kiwandani huchujwa na kutiwa moto hata ikatulia; yaweza kusafiri kwa lori hadi Lokichoggio ikafika vile ilivyotoka. Ng'agwe haijatulia. Ukiifunga ndani ya chupa inaendelea kuchacha, na kizibo kitakutafuta jicho. Lazima inywewe pale ilipopikwa, na siku yake. Kwa hiyo kila pipa likifunguliwa ni sherehe ndogo. Habari huenda mtaani bila tangazo, na jioni ile pipa la kwanza lilipofunuliwa watu walikuwa tayari wamekaa.

Nilipewa kikombe cha bati. Rangi ni kama ya uji wa wimbi, juu kuna povu hafifu. Ukiionja kwanza unakutana na uchachu, kama maziwa ya mala, kisha ladha ya nafaka iliyoungua kidogo, kisha kitu kama ganda la mkate. Ni vuguvugu. Kileo chake si kikali. Kikombe kimoja hakikuninyang'anya chochote ila njaa. Ni kinywaji unachokinywa huku unakitafuna. Shilingi 50 kikombe kikubwa.

Ilikuwa wiki ya tamasha, basi chini ya paa lile Ateker ilikuwa imekutana upya. Kulikuwa na wazee wawili wa Karamoja waliokuja na kikundi cha ngoma, Mtoposa mmoja mrefu asiyesema sana, na Mteso wa Busia, mwalimu mstaafu. Kila mmoja aliketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho usiku hugeuka mto. Mwalimu alikuwa wa kwanza kulalamika.

"Mama, pombe ni nzuri, lakini mrija uko wapi?"

Kwa Wateso ajon, pombe yao ya wimbi, hukaa katika mtungi mmoja katikati ya duara, ikaongezwa maji ya moto, na kila mtu akawa na mrija wake mrefu. Kwake yeye kunywa kwa kikombe ni kunywa peke yako, jambo la watu wasiopatana. Mkaramojong mmoja alimjibu kuwa mrija ni wa watu wanaoogopa kuona wanachokunywa. Kicheko! Wakabishana kuhusu kimea, nani hukausha sana na nani hukausha nusu, na mtama mwekundu dhidi ya mweupe. Mzee wa Karamoja alichovya kidole, akadondoshea ardhi tone, akaonja, akafunga macho. "Mwekundu," alisema. "Na moshi wa mkaa mbichi umeingia wakati wa kukaanga." Mama alikubali kwa haya kwamba siku ile kuni zilikuwa zimekwisha. Nimehudhuria maonyesho ya vileo Nairobi ambako wataalamu wenye tai hawakunifundisha nusu ya hayo.

Nilimwuliza mama kama hufikiria kuweka kibanda chake penye tamasha.

"Leseni," alisema. "Niende na karatasi gani?"

Swali lake lina historia ndefu. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na tangu enzi za mkoloni bia ya chupa imekuwa ya mtu aliyestaarabika, ilhali ya mtungi ikawa ya kufukuziwa vichakani. Baada ya uhuru mambo hayakubadilika sana. Chang'aa na busaa zilipigwa marufuku, na machifu wakapata kazi ya kumwaga. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini ikataka anayepika awe na leseni, atimize viwango vilivyowekwa, na ile chang'aa iuzwe ndani ya chupa ya kioo. Ukiwa na mtaji, huo ni mlango uliofunguliwa. Kwa mama mwenye mapipa mawili chini ya makuti ni ukuta uliopakwa rangi mpya. Nchi nyingine zilipata njia ya katikati: Zambia, Malawi na Zimbabwe, Chibuku ya mtama huuzwa waziwazi madukani, ndani ya paketi, ikiwa bado inachacha. Nasi tuna Senator, iliyozinduliwa mwaka 2004 kwa bei nafuu ili kumvuta mnywaji wa chang'aa, na mtama ukawa miongoni mwa nafaka zake. Mtama ulikubaliwa kiwandani. Aliyeupika kwanza bado anakimbia.

Nisije nikadhaniwa nasifu ulevi katika gazeti linalosomwa na watoto. Nimeona wanaume wazima wamelala kando ya laga ya Kawalase saa tatu asubuhi, na wake zao wakipita na mitungi ya maji bila kugeuza uso. Wapo wanaochanganya vitu ambavyo mimi singeviosha navyo sakafu. Mwaka 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mama mwenyewe alinionyesha kwa kidevu upande wa pili wa mtaa. "Kule wanapika ya moto. Mimi sipiki hiyo. Mtu akinywa yangu analala na kuamka." Shida ni kwamba gari la doria likija halionji. Hubeba yake na ya kule kwa pamoja.

Nina sababu yangu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, na sijaiandika popote kabla ya leo. Mamangu, huko magharibi ya Kenya, alipika busaa. Karo yangu ya sekondari ilitoka katika pipa, na nusu ya karo ya chuo cha uandishi pia. Nilipoulizwa na wenzangu chuoni mama hufanya kazi gani, nilisema ni mkulima. Uongo haukuwa mkubwa. Mahindi tulikuwa nayo. Lakini nakumbuka usiku mmoja nikiwa darasa la sita, milio ya filimbi, na mama akirudi alfajiri akiwa na umande hadi magotini, akaniuliza kama nimemaliza hesabu.

Nilimweleza mama wa Lodwar hayo. Hakushangaa hata kidogo. Alisema tu kwamba wake mmoja yuko chuo cha ualimu, na mwingine alikatiza.

Kisha akanieleza la ukame. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipita kavu mfululizo. Mbuzi walikufa, mtama ukapanda bei. Pombe ilipochujwa machicha yalibaki, yale makapi mazito ambayo miaka ya kawaida hupewa mbuzi. "Mbuzi hakuna," alisema. "Majirani walikuja na sahani. Nilikuwa nayachemsha tena kwa maji mengi ili watoto wasilewe, lakini walilala tu baadaye. Sijui ni shibe au ni pombe." Aliendelea kupepeta. Mwalimu wa Busia, aliyekuwa akicheka muda wote, alikiweka kikombe chini.

Siku ya tatu niliamua kwenda Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi, kwa sababu mama aliniambia, "Ukitaka kuona mtama unavyozunguka, nenda kwa wakimbizi." Barabara siku hizi ni lami na matatu huifuta kwa saa mbili hivi. Nje ya dirisha ni mawe meusi, vichuguu vyembamba virefu kama mabomba ya moshi, na mara moja moja msichana aliyenyoosha kidumu akiomba maji.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, ikakua hadi ikawa mji unaoushinda mji wenyeji wake. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalianza kupokea watu karibu yake. Ukitembea sokoni unapita nchi kwa miguu: Wahabeshi na kahawa yao ya jebena, Wasomali na maduka ya jumla, Wakongo na vitenge, Warundi na baiskeli. Na kila taifa limekuja na kumbukumbu ya kinywaji chake. Mhabeshi atakusimulia teji ya asali, Mrundi impeke ya mtama, Msudani Kusini marisa. Ukitaka kuwaona wageni wakisahau ugeni wao, waulize ni ipi iliyo bora.

Kwa miaka mingi mtama ulikuwa sehemu ya mgao wa chakula kambini. Mama wa Kiturkana alileta kuni na makaa, mama mkimbizi alimpa mtama. Mwingine ulisagwa, mwingine ukachipua. Kwa hiyo kimea cha Kakuma kiliunganisha watu ambao mara nyingi waligombania maji na kuni.

Nilimkuta bibi mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye chale za paji la uso, akiuza bamia kavu. Aliongea Kiswahili cha kambini, kizuri kuliko changu.

"Marisa? Sipiki tena," alisema.

"Polisi?"

"Polisi walikuwepo tangu zamani, mwanangu. Nafaka ndiyo haipo."

Mwaka 2025 mgao ulipunguzwa kwa ukosefu wa fedha za wafadhili, hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Bibi aliniambia aliuza mtungi wake mkubwa wa udongo, kisha bati la kukaangia. Chujio alilibakisha, huchujia chai. Nilimwuliza wale akina mama wa kuni siku hizi wanabadilishana nini naye. Aliinua mabega. "Tunasalimiana."

Nilirudi Lodwar jioni. Kutoka mjini ilisikika edonga, nyayo mamia zikitua pamoja, nao ulikuwa usiku wa mwisho wa tamasha. Kwa mama pipa la pili lilikuwa limefunuliwa na Mtoposa, yule mkimya, alikuwa akiimba. Mwalimu wa Busia alikuwa amepata mrija mahali, bomba la plastiki la kunyweshea dawa mbuzi, akalisuuza mara tatu na kujigamba nalo kama mfalme.

(Kwa atakayependa kwenda: mabasi ya usiku hutoka Nairobi na Kitale, na ndege hutua Lodwar. Beba kofia, beba maji kuliko unavyodhani, na usipige mtu picha kabla ya kumwomba. Ukipata nafasi, iangalie nyumba alimozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta baada ya kutolewa Lokitaung mwaka 1959, na uende Eliye Springs ukaoge ziwani.)

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kuaga. Mama alikuwa akifagia. Alinipa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, wenye uzito wa kilo mbili hivi.

"Mpelekee mamako. Mwambie ni mtama mwekundu."

Penye kizuizi cha barabarani askari kijana aliupata mfuko chini ya kiti. Harufu ilikuwa imejaa basi zima.

"Nini hii?"

"Unga."

"Wa nini?"

"Wa uji, afande."

Aliuinua puani, akanusa kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. "Nyanyangu alikuwa na uji kama huu," alisema, akanirudishia.

Wiki iliyofuata niliupeleka nyumbani. Mama ana miaka sitini na tisa na hajapika tangu nilipomaliza chuo. Alifungua fundo, akachota kidogo kwenye kiganja, akasugua kwa kidole gumba, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Kimekauka siku moja hiki," alisema. "Huko jua ni kali namna gani?"

Kisha akaniuliza kama lile bati kuukuu bado liko nyuma ya choo.